Mchele wa Mapipa ya Mtondooni

Mwanahalima binti Sabiti hakuomba kukabidhiwa ghala. Siku ya mkutano wa kijiji alikuwa amekaa nyuma kabisa na wanawake wenzake, anasuka ukili, na jina lake lilipotajwa alidhani anaitwa akatazame sufuria. Aliyelitaja ni mwenyekiti, Mzee Kombo. Watunza ghala wawili waliotangulia, wanaume wote, walikuwa wameondolewa mmoja baada ya mwingine kwa sababu mpunga wa kijiji ulionekana ukipikwa majumbani kwa wakwe zao. Sasa Mzee Kombo alitaka mtu asiye na wakwe.

"Bi Mwanahalima hana mume, hana mtoto," alisema mbele ya watu. "Kusoma anasoma, cheti cha elimu ya watu wazima anacho. Na hapa hakuna aliyepakuliwa chakula na mkono wake arusini akarudi nyumbani analalamika."

Watu wakacheka, kisha wakanyoosha mikono. Ulikuwa mwaka 1975, na kijiji cha ujamaa cha Mtondooni hakijatimiza hata miaka miwili. Wakazi wake walikuwa wametolewa kwenye vitongoji vyao vya kaskazini mwa Mafia na kupangwa kwa mistari, nyumba kutazama nyumba, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kanga. Mwanahalima alifika pale na mkeka, sufuria mbili na mdogo wake Somoe.

Maneno yale ya kutokuwa na mume wala mtoto yalimchoma, lakini ufunguo wa ghala, aliovishwa shingoni, ulimpoza. Aliachwa akiwa na miaka ishirini na sita kwa sababu hakuzaa. Alirudi kwao Kanga, mama yake akafa mwaka huohuo, akabaki na Somoe wa miaka minane. Alimlea kwa kuuza vitumbua na mikeka, akamvusha darasa la saba, akamwoza kwa kijana mpole aitwaye Mfaume. Mtu akimwuliza ana watoto wangapi, alijibu, "Ninaye Somoe," na mazungumzo yakaishia hapo. Sasa akiwa na miaka thelathini na minane, kwa mara ya kwanza maishani, watu walipokezana kumwamkia njiani.

Mwaka wake wa kwanza panya walimwaibisha. Walitoboa magunia kwa chini, wakala karibu theluthi ya chakula, na kilichobaki kikanuka mkojo. Wanaume barazani hawakusema panya. Walisema ndiyo faida ya kumpa mwanamke ghala. Mmoja alipita mbele yake akauliza kwa sauti kama panya wale walikuwa na miguu miwili. Mwanahalima alikwenda nyumbani, akajifungia chumbani, akalia mpaka adhana ya alasiri.

Ndipo alipoyakumbuka mapipa.

Nyuma ya kijiji kulikuwa na shamba kubwa la minazi ambalo mwenyewe, mzungu mmoja, aliliacha baada ya Azimio la Arusha. Chini ya minazi ile zamani walilishwa ng'ombe, na katikati lilikuwapo josho, mfereji wa saruji ambamo ng'ombe walipitishwa wakiogelea ili kupe wafe. Kibanda cha josho kilikuwa kimeanguka, lakini ndani yake mlisimama mapipa saba ya chuma, mazima, yenye vifuniko vya kubana kwa pete. Panya hawezi kutoboa chuma. Mwanahalima alikwenda kumwona Mzee Mabruki, ambaye alifanya kazi kwenye josho lile tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Yale mapipa ya joshoni yalikuwa ya nini?"

"Ya dawa ya kupe. Ilikuwa kali, usiseme. Kikopo kimoja kwenye josho zima. Ng'ombe akiinywa hachinjwi, anafukiwa."

"Imekwisha zamani?"

"Mwaka wa tisa huu, au wa kumi."

"Si itakuwa imekauka?"

Mabruki alifikiri. "Imekauka," alisema. "Yaoshe tu vizuri."

Aliyaosha vizuri kuliko alivyowahi kuosha chombo chochote. Aliyaviringisha mpaka pwani pamoja na wanawake wanne, wakayasugua kwa mchanga na makumbi, wakayasuuza kwa maji ya bahari mara tatu, wakayaanika wiki nzima midomo ikitazama jua. Yalipokauka, aliona huku chini, kwenye mishono ya chuma, utando mweupe mgumu kama magadi. Aligusa kwa kidole. Akasema moyoni kwamba ni chumvi ya bahari, akaridhika.

Mavuno ya mwaka 1976 yalikuwa mema. Mashine ya kukobolea ililetwa kijijini kwa wiki mbili tu, kwa hiyo mpunga wote wa shamba la kijiji ukakobolewa kwa mkupuo mmoja. Mapipa saba yakajaa mchele, na mwingine ukabaki kwenye magunia juu ya vichanja. Mzee Kombo alikuja akagonga pipa kwa fimbo yake, likaitika kwa sauti nzito ya kushiba.

"Hapa umetuweza, Bi Mwanahalima," alisema. "Hapa hata ningekuwa mimi nisingefikiri."

Maneno hayo alitembea nayo siku nyingi.

Kugawa kulianza mwezi wa Novemba, chakula cha majumbani kilipopungua. Mchele wa magunia ulikuwa na fukusi na vinyesi vya panya, wa mapipa ulikuwa mweupe, safi, hauna hata jiwe. Basi Mwanahalima akaamua jambo ambalo aliliona la huruma. Watu wazima aliwapimia wa magunia. Wa mapipa aliwapimia wajawazito, wanyonyeshao, wagonjwa na wazee, na uji wa watoto wa shule ya awali ulipikwa kwa mchele huohuo. Mzee Mabruki naye, kwa umri wake, alipimiwa wa pipa.

Watu walianza kutapika wiki ya tatu.

Walitapika na kuharisha maji meupe, wakabanwa na misuli ya miguu, macho yakazama. Neno la kwanza mdomoni mwa kila mtu lilikuwa kipindupindu. Bwana Afya, kijana aitwaye Muhidini, alikuja kutoka Kilindoni kwa baiskeli akiwa na chokaa ya visimani na dawa za kuhara. Aliamuru maji yachemshwe, vyoo vifukiwe vichimbwe vipya. Kijiji kikatii. Watu wakaendelea kuugua, lakini kwa namna ambayo Muhidini hakuielewa. Nyumba moja ilikuwa na mgonjwa na ya jirani ilikuwa salama, hali wanachota kisima kimoja. Katika nyumba moja mama na mtoto wamelala chini, na baba anakwenda baharini kama kawaida.

Kabla ya mwaka kwisha walikufa watoto watatu. Wa kwanza alikuwa wa Mwanaharusi, jirani yake Mwanahalima, mtoto wa kiume wa miaka minne. Mzee Mabruki alikuwa wa nne. Waliobaki walilalamika kuwa nyayo zinawaka moto kama waliokanyaga makaa, kisha hawazisikii tena. Mwanahalima mwenyewe alikuwa akila punje zilizomwagika chini alipopima mchele wa mapipa, kwa kuwa aliona haya kujipimia zaidi, na naye ncha za vidole zikaanza kumfa ganzi.

Muhidini ndiye aliyeona kucha. Alikuwa ameshika mkono wa mwanamke mmoja akimpima mapigo, akauinua kwenye mwanga wa mlango. Kwenye kila ukucha palikuwa na mstari mweupe umekata upande hadi upande. Akaomba kuona mikono ya mgonjwa mwingine, na mwingine tena. Jioni ile alimfuata Mwanahalima ghalani.

"Bi Mwanahalima, huu si ugonjwa wa maji. Mwalimu wetu alitufundisha mstari huu. Hii ni sumu, inaitwa aseniki. Sijui inaingilia wapi. Nataka kupeleka vitu Dar es Salaam vikapimwe. Nimechukua mikojo ya wagonjwa, maji ya visima, na samaki wa hapa pwani. Kesho asubuhi niletee na mchele, kopo moja moja kutoka kila pipa."

"Kila pipa?"

"Kila pipa. Kopo liandike namba ya pipa lake."

Asubuhi alifungua ghala, akajifungia kwa ndani. Mwanga uliingia kwenye nafasi ya ukuta na makuti. Alipanga makopo saba ya maziwa sakafuni, akaandika namba kwa mkaa, kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la watu wazima. Kisha akafunua pipa la kwanza. Mchele ulikuwa mweupe vilevile. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na kule chini vidole vyake vyenye ganzi havikuweza kumwambia kama aligusa mchele au chuma.

Alimsikia Mabruki akisema, anafukiwa. Aliwaona wanaume wa barazani. Aliona ufunguo ukivuliwa shingoni mwake mbele ya mkutano mzima, na watoto watatu wakihesabiwa juu ya kichwa chake. Alijiambia kwamba aliyaosha. Alijiambia kwamba huenda ni samaki, huenda ni kisima. Kama ni mchele, basi atayafunga kimyakimya mapipa, yasiguswe tena, na watu watapona, na hapatakuwa na haja ya mtu kujua.

Akafunika pipa. Akafungua gunia la kwenye kichanja, akachota makopo saba.

Muhidini aliyapokea kwa mikono miwili. "Ahsante sana, mama," alisema. "Umenipunguzia kazi."

Tangu siku ile Mwanahalima hakutoa tena mchele wa mapipa. Aliwaambia watu kwamba mapipa ni akiba ya masika, na wote wakapimiwa kutoka magunia. Wagonjwa waliacha kutapika. Watoto wakarudi kucheza, wakichechemea.

Majibu yalirudi mwisho wa Januari. Muhidini aliyasoma mkutanoni, na pembeni yake alikaa afisa mmoja mgeni aliyekuja kwa Landrova. Mikojo ya wagonjwa ilikuwa na aseniki. Samaki walikuwa na aseniki nyingi. Maji yalikuwa salama. Mchele, makopo yote saba, ulikuwa safi. Mwisho wa barua, mpimaji alikuwa ameongeza kwamba aseniki ziko za aina mbalimbali, kwamba ile ya samaki kwa kawaida haidhuru, na kwamba yeye aliombwa jumla tu. Akitakiwa kuzitenganisha aina, apelekewe vitu vipya. Muhidini aliisoma sehemu hiyo mara mbili, polepole, lakini yule afisa alikuwa ameshasimama.

"Jambo liko wazi," alisema. "Sumu imo kwenye samaki. Kuanzia leo samaki wa pwani hii haliwi mpaka tutakapotangaza. Mchele ni safi, kuleni mchele. Na ushahidi mnao wenyewe. Mwezi huu bahari imechafuka, hamkuvua sana, na wagonjwa wamepata nafuu. Si kweli?"

Watu wakaitikia kwamba ni kweli.

Mwanahalima alikaa na mikono yake ndani ya kanga. Yeye peke yake katika mkutano ule alijua kwa nini wagonjwa wamepata nafuu. Mpaka siku ile alikuwa na shaka, na shaka ilikuwa kama chumba chenye giza ambamo angeweza kujificha. Sasa hakikuwapo tena.

Mwezi wa Februari Chama kipya kilizaliwa, kijiji kikasherehekea, na magunia ya mwisho yakapikwa siku mbili za ngoma. Samaki hawaliwi. Muhogo mpya haujakomaa. Mzee Kombo alikuja ghalani akiwa na furaha bado.

"Fungua mapipa sasa, Bi Mwanahalima."

"Yangoje kidogo, mwenyekiti."

"Yangoje nini? Masika hayo yanaingia, watu wana njaa."

"Nasema tu. Tungetafuta kwanza muhogo Kanga."

"Muhogo wa watu wa Kanga tukauombe, hali tuna mapipa saba ya mchele uliopimwa Dar es Salaam?" Kombo alimtazama kwa mshangao, si kwa hasira. "Una nini wewe? Unaumwa?"

Hapo ndipo palikuwa pake pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mtu alikuwa mmoja tu, na alikuwa amemwuliza kwa upole. Mwanahalima alifungua mdomo, akasema, "Kichwa tu." Akatwaa pishi.

Aliwapimia wote. Kwa kila mwanamke alirudia maneno yaleyale: uosheni sana, maji ya kwanza na ya pili myamwage, pikeni kwa maji mengi muyachuje. Wengine walifanya hivyo, wengine waliona ni maneno ya mtu mwenye vituko. Somoe alisimama kwenye mstari pamoja na wenzake, tumbo la miezi sita mbele, mimba yake ya kwanza baada ya miaka mitatu ya ndoa. Zamu yake ilipofika, Mwanahalima alimwinamia sikioni.

"Wewe usichukue. Mimi nitakuletea muhogo nyumbani."

"Kwa nini, dada?"

"Nimekwambia usichukue."

Somoe alirudi nyuma hatua moja. Macho yalimjaa machozi ya ghafla, ya mjamzito. "Wenzangu wote umewapimia," alisema, na watu wakasikia. "Samaki nimekatazwa. Mchele nao unaninyima wewe? Au unaogopa watasema unapendelea ndugu yako?"

Mwanaharusi, aliyekuwa nyuma yake, mama wa yule mtoto wa kwanza kufa, akasema, "Mpimie mdogo wako, Mwanahalima. Nani atakusema kwa hilo?"

Mstari mzima ulimtazama. Mwanahalima akampimia.

Siku nne alipeleka muhogo alioutafuta kwa miguu mpaka Kanga. Somoe aliupokea akauweka kando, kwa kuwa alikuwa amekasirika, akapika wali. Siku ya tano Mfaume alikuja mbio. Somoe alitapika siku tatu mfululizo. Siku ya pili mimba ilitoka, mtoto wa kike, akazikwa bila jina. Siku ya tatu Somoe aliomba maji, akayanywa, akayarudisha, akashika mkono wa dada yake na kusema, "Dada, miguu yangu iko wapi?" Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Mwanahalima alimwosha kwa mikono yake. Wanawake walimwona hatoi chozi wakadhani ni subira.

Hakungoja matanga yaishe. Asubuhi iliyofuata alichukua makopo saba, akayaandika namba kwa mkaa, akachota kila moja kutoka pipa lake, akiusukuma mkono mpaka chini kabisa. Akafunga ghala, ufunguo akabaki nao, akawaambia wanawake waliokuwa wakisubiri kwamba atakayevunja mlango ule na kula kilichomo atakufa. Hawakuelewa, lakini sura yake iliwatisha. Alikwenda Kilindoni akamkuta Muhidini.

"Andika barua," alimwambia. "Makopo haya nayapeleka mwenyewe."

"Mchele ulishapimwa, mama."

"Huu haujapimwa."

Muhidini alimtazama, kisha akavuta kalamu. Aliandika barua, akaifunga, akaandika na jina la mpimaji, Bwana Matano, kisha akatoka nje akasimama nyuma ya zahanati, amempa mgongo, mpaka Mwanahalima alipokwenda zake.

Huko Dar es Salaam alimkuta Bwana Matano, mtu mnene wa Tanga mwenye koti jeupe lililotoboka kwa asidi. Mwanamke mwenye kanga za msiba na kikapu cha makopo hakuwa mgeni wa kawaida mlangoni kwake. Alitaka apokee makopo amwambie arudi baada ya wiki. Lakini alipoisoma barua alivuta kigoda.

"Kaa, mama. Utakuwa na haraka ya kujua."

Aliuloweka mchele wa kila kopo kwenye asidi, akauchuja, akatia maji yake kwenye vichupa saba vidogo. Cha nane akatia asidi yenye maji matupu, na cha tisa asidi aliyomloweka samaki mkavu aliyekuwa amebaki tangu mara ya kwanza. Katika kila kichupa alidondosha vipande vya zinki, vikaanza kuchemka bila moto. Juu, kwenye kishingo cha kioo, alikuwa amebana karatasi nyeupe iliyotiwa dawa.

"Aseniki ya sumu ikiwamo, itapanda na hewa hii," alieleza. "Ikifika kwenye karatasi, itaipaka rangi. Kadiri inavyokuwa nyingi, ndivyo rangi inavyokolea."

"Na ya samaki?"

"Ya samaki ni aseniki vilevile, lakini imefungwa ndani ya kitu kingine, haifunguki kwa zinki. Mpaka nimchome samaki awe jivu ndipo inaonekana. Tumboni nako hupita hivyohivyo, imefungwa, ikatoka kwenye mkojo. Mara ya kwanza tulichoma kila kitu, tukapata jumla. Ukihesabu jumla, samaki anaonekana muuaji."

Mwanahalima alizitazama karatasi. Alikuwa amesafiri siku mbili akijua, na bado sehemu moja ya moyo wake iliomba karatasi zibaki nyeupe. Ya maji matupu ilibaki nyeupe. Ya samaki ilibaki nyeupe. Ya pipa la kwanza ilianza kuwa na umanjano katikati, kama doa la bizari, kisha ikawa rangi ya kahawia. La pili likafuata. La tatu lilipata kivuli tu. La nne lilikolea mpaka likakaribia weusi. Mwisho wa saa moja, karatasi tano kati ya saba zilikuwa zimepakwa.

Bwana Matano alizipanga mezani, akazilinganisha na karatasi zake za kipimo, akaandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mwezi wa kumi na mbili nilipokea makopo saba, kijiji kilekile, mapipa yaleyale. Hayakuwa na kitu. Nani aliyachota?"

"Mimi."

"Ulichota wapi?"

"Kwenye gunia."

Aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. "Mama," alisema mwishowe, "hilo nalo itanibidi niliandike."

"Liandike," alisema Mwanahalima. "Ndilo lililonileta."

Alirudi Mtondooni na barua, na mkutanoni hakumwachia mtu mwingine kuisoma. Aliisoma mwenyewe, akikwama kwenye maneno magumu, mpaka mstari wa makopo ya kwanza. Kisha akasema kwa maneno yake: niliosha mapipa yale nikijua yalikuwa ya dawa. Nilichota kwenye gunia nikijua nimeambiwa nichote kwenye pipa. Niliwapimia mwezi wa pili nikijua kabisa.

Mzee Kombo aliinama akashika kichwa. Mfaume alisimama, akatoka nje ya duara, na tangu siku ile mpaka alipohamia Rufiji hakumwitikia Mwanahalima salamu. Mwanaharusi alimwendea pale alipo, akasimama mbele yake, na wote wakadhani atampiga. Alimvua ufunguo shingoni, akamkabidhi Mzee Kombo, akarudi kukaa.

Mchele ulifukiwa kwenye shimo refu mbali na visima, na mapipa yakatobolewa kwa shoka asije mtu akayatumia tena. Samaki wakaruhusiwa kuliwa. Kwa idadi ya Muhidini, waliokufa walikuwa kumi na mmoja, na zaidi ya arobaini walibaki na miguu isiyojua ardhi. Hakimu alimpa Mwanahalima miaka miwili jela kwa kupotosha uchunguzi. Alipoulizwa kama ana la kujitetea, alisema hana, na kwa kweli hakuwa nalo.

Alipotoka hakurudi Mtondooni. Alikaa Kanga, kwenye kibanda cha uani kwa shangazi yake, akashona makuti ya kuezekea, kazi ambayo haihitaji vidole vyenye hisia. Hakuna aliyemtukana, na wachache walimwamkia. Watoto wa majirani walikatazwa kula kwake, naye aliona ni haki, akawa hapiki mbele yao.

Muhidini alikuja kumwona mwaka 1981, siku chache kabla ya kuhamishiwa bara. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka kichwani, ilhali hajafika miaka thelathini na mitano. Walikaa kwenye mkeka, kikombe cha chai kikipoa mbele ya Muhidini.

"Kila siku najiuliza," alisema, "kwa nini sikuingia ghalani mwenyewe. Kazi ilikuwa yangu. Makopo saba tu. Ningeingia mwenyewe nikachota."

"Ungeingia, ningekwambia mapipa yamebana, nikakuonyesha gunia," alisema Mwanahalima. "Ungeniamini. Usijibebeshe."

"Unasema hivyo kunipoza."

"Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ningefanya."

Muhidini aliinua kikombe, akanywa chai yote mpaka mashapo. Kisha akaaga. Mwanahalima alitaka kumsindikiza, lakini njia ilikuwa ya mawe na miguu yake haikuwa ya kuaminika, akaishia mlangoni. Alishika mwimo, akamtazama akienda mpaka alipokata kona ya msikiti, kisha akarudi kwenye makuti yake.